Kabla ya kung'oa dizeli kwenye mashua, hesabu saa za injini

WAMILIKI wengi wa mashua katika mwambao wa Afrika Mashariki wamefikia mahali pa kuchagua. Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo imechoka. Inavuta oili, inatoa moshi mweusi na bomba la shafti linavuja maji kwenye ngama. Fundi anataka pesa nyingi kuifufua. Pembeni kuna jirani mwenye mashine ya kupachika nyuma, ile ya petroli, anayeiwasha kwa kuvuta kamba mara moja na kuondoka.

Swali linakuja lenyewe: kwa nini nisiing'oe dizeli, nizibe tundu la shafti na kupachika mashine nyuma?

Swali hili si la mabaharia peke yao. Mfanyabiashara anayetoa nazi Mafia, mwenye mwani Pemba, mchuuzi wa mihogo au chumvi anayevuka kwenda mjini, wote wanalipa gharama ya injini ndani ya nauli ya mzigo. Chombo kikichagua injini isiyofaa, gunia linapanda nauli au mwenye chombo anafilisika. Vyovyote itakavyokuwa, mkulima ataumia.

Katika makala haya tutaangalia faida na hasara za mabadiliko hayo, kisha tutapiga hesabu ambayo kila mwenye chombo anaweza kuirudia kwa bei za bandari yake. Hoja yetu ni moja. Kinachoamua si bei ya mashine dukani, bali ni saa ngapi injini inafanya kazi katika kila safari.

Chombo cha tanga, injini ya msaada

Tuanze na aina ya chombo. Hapa tunazungumzia mashua, yaani chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja na tanga, ambacho nyuma kimekatwa wima kwa ubao wa tezi. Ubao huo ndio unaoweza kubeba mashine. Ngalawa na dau, ambavyo vimechongoka mbele na nyuma, vina utaratibu wake na havimo katika hesabu hii.

Mashua hutumia upepo. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Katikati ni maleleji, upepo unapokufa au kugeuka-geuka. Injini huhitajika zaidi wakati wa maleleji, wakati wa kuingia na kutoka kwenye mito na mikono ya bahari, na pale nahodha anapolazimika kwenda kinyume cha upepo ili awahi soko.

Hapo ndipo vyombo vinapotofautiana. Kuna mashua ambayo tanga ndilo linalofanya kazi na injini ni ya msaada wa nusu saa au saa moja. Kuna nyingine ambayo tanga limekunjwa mwaka mzima na injini inanguruma kuanzia bandari hadi bandari. Kwa macho ni vyombo vya aina moja. Kwa hesabu ni biashara mbili tofauti.

Huko Marekani na Ulaya wapo wenye boti ndogo za tanga za starehe ambao, dizeli ya ndani ikifa, huiondoa na kupachika mashine nyuma. Wao hutumia injini kutoka gatini hadi bahari wazi, kisha wanaizima. Ndiyo maana mabadiliko hayo huwafaa. Aliye huku asiige kabla ya kujiuliza kama na yeye anatumia injini kwa namna hiyo.

Faida za mashine ya kupachika

Faida ya kwanza ni uzito na nafasi. Injini ya dizeli ya silinda moja, ile ile ya Kichina inayosaga unga vijijini na kuvuta matrekta madogo ya mkono, ikiwa ya nguvu za farasi 12 hivi huwa na uzito wa zaidi ya kilo 130. Ongeza gia, shafti, pangaboi, kitako cha mbao na tangi, unakaribia kilo 250. Mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 15 haizidi sana kilo 50, na ile ya kuchanganya oili ni nyepesi zaidi. Tofauti ya kilo 200 ni magunia 2 ya kilo 100, tena yanakaa katikati ya chombo ambako injini ilikuwa imeziba nafasi.

Faida ya pili ni kutoboa chombo. Shafti ya injini ya ndani hupita kwenye tundu lililo chini ya maji. Tundu hilo huvuja kila ufungio wake unapolegea, na nguvu kazi ya kuteka maji hutoka kwa mabaharia. Mashine ya kupachika haihitaji tundu lolote chini ya maji.

Tatu ni maji mafupi. Vyombo vyetu hukaa mchangani maji yanapokupwa, na hupita juu ya miamba ya matumbawe. Mashine ya kupachika huinuliwa. Pangaboi la injini ya ndani haliinuki, na likigonga mwamba, shafti hupinda na safari huishia hapo. Tena, tanga linapovuta, pangaboi lililobaki majini hupunguza mwendo. Mashine ikiinuliwa, chombo huenda kwa wepesi hata katika upepo mdogo.

Nne ni matengenezo. Mashine inafunguliwa na watu wawili, inapelekwa kwa fundi mjini kwa basi au bodaboda ya matairi matatu, na usiku inalala ndani ya nyumba. Injini ya ndani humlazimu fundi aje pwani, alale hapo na kulipwa posho.

Hasara ambazo muuzaji hazitaji

Hasara ya kwanza ni mafuta. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10. Na injini ya dizeli huitumia nishati hiyo vizuri zaidi. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa vyombo vidogo ni kwamba dizeli hula takriban robo lita kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Mashine ya petroli ya stroki mbili, yaani ile ya kuchanganya oili na petroli, hula kama nusu lita. Ile ya stroki nne, isiyochanganya, iko katikati, kama lita 0.35.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeandika vitabu kuhusu jambo hili kwa ajili ya wavuvi wadogo, kimoja mwaka 1986 kupitia mradi wake wa Ghuba ya Bengal na kingine mwaka 2012. Ujumbe wa msingi haukubadilika katika miaka hiyo yote: kwa chombo kizito kinachotembea taratibu kwa saa nyingi, dizeli yenye pangaboi kubwa linalozunguka polepole hushinda.

Hilo la pangaboi ni hasara ya pili. Pangaboi la mashine ya kupachika ni dogo na huzunguka kasi. Limetengenezwa kwa ajili ya boti nyepesi inayoruka juu ya maji. Likifungwa kwenye mashua yenye tani 4, sehemu ya nguvu hupotea kwa kuchafua maji tu. Anayenunua aombe pangaboi la mizigo, lenye mabawa mapana na mzingo mdogo, si lile linalokuja ndani ya boksi.

Tatu ni bahari chafu. Injini ya ndani ina pangaboi lake chini ya chombo, mbele ya usukani, na mara chache hutoka majini. Mashine ya kupachika inaning'inia mwisho kabisa wa tezi. Wimbi likiinua tezi, pangaboi linatoka, injini inapiga kelele bila mzigo, na pampu yake ya kupoza inavuta hewa badala ya maji. Kwa anayevuka Mkondo wa Pemba wakati wa kusi kali, hili si jambo dogo. Ndiyo saa ambayo injini inahitajika kuliko saa nyingine yoyote.

Nne ni petroli yenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia kwenye ngama, nao hushika moto hata pasipo joto, wakati dizeli huhitaji kupashwa nyuzi zaidi ya 50 kabla ya mvuke wake kuwaka. Mashua nyingi hubeba jiko la mkaa kwa ajili ya chai na chakula cha mabaharia. Jiko na dumu la petroli ndani ya chombo kimoja ni hatari kwa roho za watu.

Mfano wa hesabu

Sasa tupige hesabu. Namba za bei hapa chini ni za mfano. Kila msomaji aweke bei za kwao, kwani nauli ya Kilwa si ya Lamu, na bei ya mafuta ya kituoni si ya dumu la kijijini. Kwa Tanzania Bara, EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini mpaka mafuta yafike kisiwani bei huwa imeshaongezeka.

Tuchukue mashua ya mita 9 hivi, yenye tani 4 ikiwa na mzigo. Kwa mwendo wa kawaida wa maili 5 za baharini kwa saa, tuseme inatumia nguvu za farasi 10. Tuweke petroli na dizeli zote Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Dizeli itakula lita 2.5 kwa saa, yaani Sh7,500.

Mashine ya stroki nne itakula lita 3.5, yaani Sh10,500. Imezidi dizeli kwa Sh3,000 kila saa.

Mashine ya stroki mbili itakula lita 5, yaani Sh15,000. Pia inahitaji oili ya kuchanganya. Kwa kipimo cha lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ni desilita moja kwa saa. Oili ikiwa Sh10,000 kwa lita, ongeza Sh1,000. Jumla ni Sh16,000, na imezidi dizeli kwa Sh8,500 kila saa.

Upande wa mapato, kilo 200 zilizookolewa ni magunia 2. Nauli ikiwa Sh5,000 kwa gunia, mwenye chombo anapata Sh10,000 zaidi kwa kila safari. Lakini anazipata tu kama chombo kilikuwa kinajaa na kuacha mizigo bandarini. Kama mashua huondoka na nafasi wazi, kuongeza nafasi hakumwongezei hata senti.

Sasa gawanya. Sh10,000 za magunia mawili ukizigawa kwa Sh3,000 unapata saa 3 na dakika 20. Hiyo ndiyo mipaka ya mashine ya stroki nne. Safari ya kwenda na kurudi ikitumia injini chini ya hapo, mashine inakuletea faida katika uendeshaji. Ikizidi hapo, dizeli ni bora. Kwa mashine ya stroki mbili, Sh10,000 gawa kwa Sh8,500, mipaka ni saa 1 na dakika 10 tu.

Wafanyabiashara wawili

Tuone hesabu hiyo kwa wenye vyombo wawili wa kufikirika, kila mmoja akifanya safari 100 kwa mwaka na chombo chake kikijaa.

Wa kwanza anaamini tanga. Injini yake huwaka saa 1 kwa safari nzima, kutoka na kuingia bandarini. Kwa mwaka ni saa 100. Akipachika mashine ya stroki nne, atalipa mafuta zaidi kwa Sh300,000, lakini nauli ya magunia itamwingizia Sh1,000,000. Anabaki na faida ya Sh700,000. Akichagua stroki mbili kwa sababu ni rahisi kununua, mafuta yatazidi kwa Sh850,000 na faida inashuka hadi Sh150,000.

Wa pili amekunja tanga. Injini yake huwaka saa 6 kwa safari, sawa na saa 600 kwa mwaka. Mashine ya stroki nne itamwongezea mafuta ya Sh1,800,000. Nauli ya magunia haibadiliki, ni Sh1,000,000 ile ile. Anapata hasara ya Sh800,000. Akiweka stroki mbili, mafuta yanazidi kwa Sh5,100,000, na hasara yake inafika Sh4,100,000 kwa mwaka.

Mashua ni ya aina moja, mashine ni moja, bandari ni moja. Kilichowatofautisha ni saa.

Huyu wa pili ana njia nyingine ambayo haihitaji kununua chochote, nayo ni kupunguza mwendo na kufungua tanga. Nguvu inayohitajika huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Kushuka kutoka maili 6 hadi maili 5 kwa saa hupunguza mafuta ya kila saa kwa zaidi ya theluthi moja. Vilevile, chombo kizito kina mwendo wa mwisho ambao kinaweza kuufikia kutokana na urefu wake majini. Mashua yenye mita 8 kwenye mstari wa maji huishia karibu na maili 7 kwa saa. Anayefunga mashine ya nguvu za farasi 40 ili ifike maili 10 atapata mawimbi makubwa nyuma ya tezi na tangi tupu. Kwa mashua ya tani 3 hadi 5, nguvu za farasi 15 zinatosha.

Mkopo unaweza kumeza faida yote

Mpaka hapa hatujataja bei ya kununua. Hapo ndipo wengi wanapoingia mtegoni.

Tuseme kuifufua dizeli kungegharimu Sh3,000,000, na mashine mpya ya stroki nne pamoja na kazi ya fundi ni Sh7,000,000. Tofauti ni Sh4,000,000. Mfanyabiashara wetu wa kwanza, mwenye faida ya Sh700,000 kwa mwaka, atahitaji karibu miaka 6 kurudisha tofauti hiyo. Kwa mashine inayofanya kazi kwenye maji ya chumvi, miaka 6 ni mingi.

Akiichukua tofauti hiyo kwa mkopo wa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka mmoja, deni likiwa halijapungua, ni Sh720,000. Faida yake yote imekwenda kwenye riba, na bado ameongeza Sh20,000 kutoka mfukoni. Deni lenyewe lipo pale pale.

Hali ni tofauti kama dizeli imekufa kabisa. Block imepasuka, shafti imepinda, gia imekwisha, na gharama ya kurudisha yote ni Sh6,000,000. Hapo tofauti ni Sh1,000,000 tu, na itarudi ndani ya mwaka mmoja na miezi mitano hivi. Kwa hiyo wakati mzuri wa kufikiria mabadiliko ni pale injini ya zamani inapokufa, si pale inapokohoa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Dizeli ikiondolewa isitupwe wala kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Injini ya silinda moja ambayo bado inazunguka inaweza kuendesha mashine ya kusaga nafaka au pampu ya kumwagilia bustani. Mkulima anayeinunua aangalie kwanza chumvi: afungue tangi la maji la kupoza aone kutu, akague boliti za kichwa, na aiwashe kwa nusu saa akiwa na mzigo kabla ya kutoa pesa.

Kazi ya fundi isifanywe nusu nusu

Aliyepiga hesabu na kuona inamfaa, anatakiwa ajue kwamba kupachika mashine si kufunga skrubu mbili. Chombo kilijengwa kusukumwa na shafti iliyofungwa kwenye mkuku. Sasa kinasukumwa kwa ubao wa tezi.

Ubao huo uongezewe nguvu kwa ndani. Fundi aweke ubao wa pili mnene wa mbao ngumu kama mvule, aufunge kwa magoti ya mbao kwenye ubavu na mataruma, na atumie boliti zinazopenya hadi ndani zikiwa na bati nene la chuma nyuma ya nati. Misumari peke yake italegea, na tezi itaanza kuvuja baada ya miezi michache.

Jambo la pili ni urefu wa mguu wa mashine. Mashine huuzwa kwa mguu wa inchi 15, 20 au 25. Tezi ya mashua iko juu, na mguu mfupi utafanya pangaboi lichezee povu. Kwa chombo cha tanga chagua mguu mrefu. Kama bado haufiki, fundi atengeneze kitako cha kupachikia kinachoshuka chini ya ukingo wa tezi na kuinuka mashine isipotumika. Bamba bapa lililo juu ya pangaboi ni lazima lizame chini ya maji chombo kikiwa hakina mzigo.

Tatu, usukani. Kwenye mashua usukani umening'inia katikati ya tezi, hivyo mashine lazima ikae pembeni. Ipimwe ili pangaboi lisigonge usukani ukigeuzwa hadi mwisho. Nahodha pia ajue kwamba chombo kikilala upande wa pili kwa upepo, mashine itainuka. Injini itumike tanga likiwa limeshushwa au limepunguzwa.

Nne, farumi. Injini ya ndani ilikuwa uzito uliokaa chini kabisa ya chombo na kukituliza. Ikiondoka, mashua tupu itakuwa nyepesi kichwani na kuyumba haraka. Chombo kikiwa na shehena, mzigo wenyewe ndio farumi, mradi vitu vizito vipangwe chini. Kikirudi kitupu, lazima kibebe mawe au mifuko ya mchanga iliyofungwa isihame. Aliyezoea kurudi mtupu kwa tanga kamili asipuuze hili.

Mwisho, tundu la shafti. Lizibwe kwa kipande cha mbao ngumu kilichochongwa sawasawa, kifungwe kwa boliti, kisha kipigwe kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta ndani na nje. Chombo kikae majini siku mbili karibu na pwani kabla ya kubeba mtu au mzigo.

Usalama, karatasi na matunzo

Tangi la petroli likae mahali wazi penye upepo, si chini ya sitaha wala ndani ya ngama. Dumu lijazwe nchi kavu. Jiko la mkaa lisiwashwe mafuta yakiwa wazi, na ni bora chakula kipikwe kabla ya safari. Kizima moto na makoti ya kuokolea viwepo kwa idadi ya watu. Tanga na makasia vibaki chomboni hata baada ya kununua mashine mpya, kwa kuwa plagi iliyolowa maji haina huruma.

Kubadilisha injini ni kubadilisha chombo. Mkaguzi ataarifiwe kabla ya kazi, ili cheti cha ubora kilingane na kilichopo. Kwa Tanzania Bara, kazi ya SUMATRA upande wa bahari ilihamia TASAC mwaka 2018. Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ipo Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Chombo chenye bima nacho kitolewe taarifa kwa kampuni, maana moto wa petroli kwenye chombo kilichokatiwa bima kama cha dizeli utazua kesi.

Kwa matunzo, mashine ya kupachika haivumilii uvivu. Kila baada ya kazi iwashwe ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika chache. Ya stroki nne ibadilishwe oili kila baada ya saa 100 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia, na oili ya gia kwenye mguu hali kadhalika. Mpira wa pampu ya maji ukaguliwe kila mwaka. Kipande cha zinki kilichofungwa mguuni kibadilishwe kikiliwa nusu, kwani hicho ndicho kinacholiwa na chumvi badala ya mashine. Injini ikiwaka, nahodha atazame tundu la maji ya kupoza: yasipotoka, azime mara moja. Kwa ya kuchanganya, kipimo cha oili kifuate kitabu cha mashine yenyewe, si mazoea ya jirani.

Anza na daftari

Ushauri wetu kwa mwenye chombo anayefikiria mabadiliko haya ni kuanza na daftari la shilingi chache. Kwa miezi miwili aandike kila safari: saa injini ilipowashwa, saa ilipozimwa, lita zilizotumika, magunia yaliyobebwa na magunia yaliyoachwa bandarini. Mwezi mmoja uwe wa upepo mzuri na mwingine wa maleleji, ili picha iwe ya kweli.

Baada ya hapo agawe kama tulivyofanya hapa, kwa bei zake. Kama saa za injini kwa safari ni chache, chombo kinajaa na dizeli imekufa kabisa, apachike mashine ya stroki nne bila wasiwasi. Kama saa ni nyingi, aitengeneze dizeli, abadilishe ufungio wa shafti na kupunguza mwendo. Kama saa ni chache lakini chombo hakijai, tatizo lake si injini. Tatizo lake ni mzigo, na hilo atalitatua kwa kukaa na wakulima wa kijijini kwake wapange siku za kusafirisha pamoja.

Kwa wenye mashua zinazotumia tanga, ipo pia njia ya ushirika. Kwa kuwa mashine ya kupachika hufunguliwa, wenye vyombo watatu wenye safari za siku tofauti wanaweza kununua mashine moja na kugawana gharama, kila chombo kikiwa na kitako chake. Kikundi kiandike makubaliano mapema kuhusu nani hulipa plagi na nani hulipa ikizama. Jambo hilo haliwezekani kwa injini iliyofungwa ndani ya mkuku, na huenda kwa mfanyabiashara mdogo ndiyo faida kubwa kuliko zote.